Sauti Yake Naipenda, Gereji Yake Naiogopa

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 39, nimeolewa, nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Ninachokuandikia ni habari ya gari, na najua wapo watakaosema safu hii ni ya mambo ya moyo. Sasa hili ndilo lililonikaa moyoni. Wiki ya tatu hii silali vizuri.

Gari lenyewe ni BMW M5 ya mwaka 2007, lile toleo ambalo wajuzi huliita E60. Buluu iliyokolea hadi inakaribia weusi, viti vya ngozi, silinda 10, farasi 507. Kwa nje ni sedani ya mzee mwenye heshima zake. Ukiliwasha ndipo unapojua umeingia nyumba ya nani.

Nikueleze nimefikaje hapa. Baba yangu alikuwa fundi, na kaka yangu mkubwa ndiye aliyerithi gereji. Nikiwa na miaka 10 kaka alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu: ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unaukandamiza sikioni, halafu unafumba macho. Unasikia kila kitu mle ndani, vali zinavyogonga, beringi zinavyovuma. Nilikuwa na sikio kumshinda yeye, anakiri mpaka leo. Lakini nilikuwa pia na kichwa cha hesabu, nikasomeshwa, nikawa mhasibu. Mwaka wa 11 huu naendesha kigari cha milango mitano chenye injini ya lita 1.3. Hakijawahi kunilaza njiani. Wala hakijawahi kunifanya nigeuke kukitazama nikishakiegesha.

Mwenye M5 ni mstaafu mmoja mpole, mmiliki wa tatu. Limetembea kilomita 94,000 tu. Bei anayotaka ni sawa na ya sedani ya kawaida ya miaka minne. Nikiuza kigari changu nikaongeza na akiba, nalipa taslimu na robo ya akiba inabaki. Kitabu cha sevisi kina mihuri hadi kilomita 61,000. Kuanzia hapo anasema alikuwa akihudumiwa na fundi wake anayemfuata nyumbani. Oili amemwaga mwezi uliopita, risiti alinionyesha.

Nimelijaribu mara moja. Mzee ni mwungwana kweli: nilipofika alikuwa ameshaliwasha na kulizungusha kidogo, ili nisisubiri lipate moto. Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka akaniambia nibonyeze kitufe chenye neno Power. Kumbe mpaka pale nilikuwa naendesha na farasi 400, wengine 107 wako zizini. Mshauri, sauti ile siwezi kukuandikia. Nilicheka peke yangu kama mtoto aliye kwenye bembea. Kitu kimoja tu: nikiondoka taratibu, kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili gari linaitikia kwa kichwa, na mimi naitikia nalo. Mzee alisema ndivyo yalivyo. Sikujali sana, kwa kuwa ni otomatiki na safari zangu ni za foleni: kilomita 23 kwenda, 23 kurudi, watoto nawashusha shuleni kisha naelekea kazini.

Tatizo ni watu wangu. Kaka alipolisikia jina la gari alicheka, halafu akaacha kucheka. "Gari hilo hununui," akasema, "unaolewa nalo." Hakufafanua. Mume wangu ni kinyume chake: tangu siku ya kwanza anasema nilichukue kabla hajatokea mwingine, na picha ameshawarushia rafiki zake. Sijui kama ananiunga mkono au ananitanguliza.

Mtu mwenye akili timamu anaweza kuishi na gari la namna hii Jumatatu hadi Ijumaa? Au nimefika ule umri wa kutafuta ujana chini ya boneti?

Wako,
Roho Mkononi

JIBU

Marahaba, mwanangu Roho Mkononi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye bisibisi. Mtu aliyejua kusikiliza injini tangu ana miaka 10 huwezi kumwambia kuwa gari ni chombo tu cha kumtoa hapa kumfikisha pale. Kwa hiyo lile swali lako la mwisho, la umri na ujana, naliweka pembeni mapema. Kutamani hakuombewi kibali. Wanaume wa rika lako wakinunua magari haya, ni wachache wanaoulizwa wanatafuta nini.

Nikikusikia vizuri, una maswali mawili uliyoyasuka msuko mmoja, na naomba tuyafumue. La kwanza: M5, kwa jinsi ilivyoundwa, inayaweza maisha yako ya kila siku? La pili: hili moja la mzee ni zima? Kaka yako amejibu la kwanza bila kuliona gari. Mume wako amejibu la pili kwa kutazama picha. Wewe ndiye pekee uliyekaa kwenye usukani, na hata wewe umekaa mara moja.

Tuanze na bei, maana nashangaa mhasibu amepita hapo mbiombio. Unalilinganisha na sedani ya kawaida ya miaka minne. Ni kweli bei zao zimekutana, ila zimekutana njiapanda, kila moja ikitoka kwake. Gari hili lilipokuwa jipya lilikaa kileleni mwa sedani za ukubwa wake pale BMW. Bei yake imeporomoka, lakini spea zake hazikupewa taarifa. Diski ya breki ya mbele ina kipenyo cha milimita 374 leo kama ilivyokuwa siku linatoka kiwandani. Plagi ni 10, koili ni 10. Tairi za mbele ni 255/40 na za nyuma ni 285/35, rimu inchi 19, na kwa kuwa upana haulingani huwezi hata kuhamisha za nyuma kwenda mbele ili zilike sawasawa.

Kabla hujarudi kwa mzee, chukua namba ya chesi uwapigie wauza spea wawili. Uliza vitu vitano: seti ya tairi, diski na pedi za mbele na nyuma, klachi nzima, pampu ya haidroliki ya giaboksi, na beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, pamoja na ufundi wake. Jumlisha, kisha weka jumla hiyo kando ya ile robo ya akiba. Sisemi vyote vitakufa mwaka wa kwanza. Nataka ujue kama robo hiyo ni godoro au ni leso. Hesabu hii ungemfanyia mteja wako bila kuombwa.

Sasa lile neno "otomatiki". Hapo nakushika mkono kidogo. Ulipoegesha, uliitafuta herufi P kwenye fimbo ya gia? Haipo. Mfumo huo, SMG III, ni giaboksi ya gia 7 iliyojengwa kama ya gari la gia za mkono. Ndani mna klachi ya kawaida, ila pedali imeondolewa, na kazi ya mguu wako wa kushoto wamepewa pampu ya haidroliki na kompyuta. Kule kuitikia kwa kichwa kunatoka humo: kompyuta inaachia klachi, inabadilisha gia, inashika tena, na katikati nguvu inakatika. Mzee hakukudanganya. Wenye mazoea hupunguza mguu kwenye mafuta kila gia inapobadilika, na mtikiso unakwisha au unakaribia kwisha. Na ukilikamua kwelikweli, jambo hilohilo linalokukera kwenye foleni linageuka kuwa utamu. (Marekani na Kanada yaliuzwa pia yenye gia ya mkono ya hatua 6, pedali tatu kamili. Ukimwuliza kaka yako, nadhani angekuwa mpole zaidi kwa hayo.)

Kwa hiyo kilomita zako 46 za foleni usizipime kama ungezipima kwa otomatiki nyingine. Kila unaposogea mita mbili klachi inasuguliwa. Dereva anayeacha nafasi mbele yake, akangoja hadi aweze kuondoka mara moja, klachi yake huishi. Anayejongea sentimita kwa sentimita na wenzake, yake huungua. Na anayepandisha mteremko kwa rivasi kuingia kwenye maegesho ataisikia kwa pua. Unaweza kuwa dereva wa namna ya kwanza kila siku, na watu wanakupigia honi nyuma? Mimi nisingeweza. Wewe unajijua.

Mafuta nayapitia haraka kwa kuwa hayana fumbo. Kipimo rasmi cha kiwanda kilikuwa wastani wa lita 14.8 kwa kilomita 100, mjini na barabara kuu zikichanganywa. Kwenye foleni huvuka 20 bila jasho. Kwa mwendo wako ni karibu lita 10 kila siku ya kazi, na tangi ni la lita 70.

Kwenye injini nitakaa kidogo, maana ndiko roho yako iliko. Jina lake ni S85: lita 5, V10, yaani silinda 10 zilizopangwa kwa umbo la V, kila silinda na throto yake, mlango wake wa hewa. Ilizaliwa wakati BMW ilikuwa ikitengeneza injini za V10 kwa ajili ya Formula 1. Inapanda hadi mizunguko 8,250 kwa dakika, na farasi wote 507 wanapatikana kwenye 7,750. Elewa maana yake kwako: kwenye foleni hukutani nao. Utalilisha zizi zima siku tano za wiki na farasi watoke nje labda Jumapili asubuhi. Wapo wanaoridhika na hilo, wanasema inatosha kujua kuwa wapo. Wapo wanaonuna mwezi wa pili.

Udhaifu wake mkubwa ni beringi za konrodi, zile bamba za nusu duara, nyembamba, zinazokaa kati ya konrodi na krenki, mhimili mkuu wa injini. Kinachozitenganisha na krenki ni utando tu wa oili. Kwenye injini hii zinajulikana kwa kuchakaa mapema kuliko ungetarajia. Zikiisha kabisa injini inagonga, na ikishagonga husemi tena habari ya beringi, unasema habari ya injini. Wamiliki waangalifu huzibadilisha kabla hazijalia, wakizihesabu kama sevisi nyingine kubwa. Kazi hufanyika kwa chini, kwa kushusha sampu, lile bakuli la oili, injini ikibaki mahali pake. Hakuna anayeweza kuziona kwa kuzunguka gari na kupiga tairi teke.

Oili yake ni 10W-60, nzito, na ikiwa ya baridi haitaki haraka. BMW wenyewe waliliweka jambo hilo mbele ya macho ya dereva: kwenye kipima mizunguko kuna taa za njano na nyekundu zinazoonyesha kikomo cha chini injini ikiwa ya baridi, kisha kikomo kinapanda taratibu oili inavyopata moto. Asubuhi moja utakuwa umechelewa, watoto wako nyuma, mmoja amesahau daftari, mwingine analilia dirisha. Utaziheshimu taa hizo? Swali si la kejeli. Wapo akina mama na akina baba wanaoziheshimu, na injini zao zinafika mbali.

Ndiyo maana uungwana wa mzee umenikaa vibaya kidogo. Yawezekana ni uungwana mtupu, na sitaki kumvunjia mtu heshima kwa barua. Lakini injini iliyoamshwa kabla hujafika imeshakohoa, imeshatema moshi wake, na wewe umekaribishwa ikiwa imepiga mswaki. Mpigie, mwombe kwa adabu asiliguse tangu usiku uliotangulia. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti kabla salamu hazijaisha. Likiwa la baridi, toa bisibisi yako. Nasema kweli, nenda nayo. Simama pia nyuma ya ekzosi wakati mtu mwingine anawasha. Angalia kama injini inatulia sawasawa au inatetemeka, na kama taa zote za dashibodi zinawaka kisha zinazimika. Taa isiyowaka kabisa wakati wa kuwasha inanitia shaka kuliko inayobaki imewaka, maana huenda mtu ameinyamazisha.

Na ile oili mpya. Kwa mwenye gari ni sifa, kwa mnunuzi ni daftari lililofutwa. Maabara zinaweza kupima oili iliyotumika zikaona kiasi cha risasi na shaba, metali za beringi. Oili ya mwezi mmoja haina mengi ya kusimulia. Bado kuna mtu anayejua: yule fundi anayekuja nyumbani. Kati ya kilomita 61,000 na 94,000 kuna kilomita 33,000 zisizo na mhuri, na yeye ndiye kitabu chake. Omba namba yake, umuulize swali moja tu: alikuwa anaweka oili gani? Akitaja 10W-60 bila kufikiri, pumua. Akisema "ile nzuri", endelea kuuliza.

Hiyo "tu" uliyoiweka baada ya 94,000 nayo naomba uirudie. Kilomita chache kwa gari la 2007 maana yake limekaa kuliko lilivyotembea, au limetembea safari fupifupi za injini isiyopata moto. Bushi za miguu ya gari na mipira mingine haihesabu kilomita, inahesabu miaka. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari wa DOT ubavuni mwa tairi: 3214 ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Tairi zote nne zikiwa za umri mmoja na kampuni moja, mwenye gari hakubana mkono. Ukikuta nyuma kuna kampuni mbili tofauti, kushoto hii kulia ile, jiulize alibana wapi kwingine usikokuona. Kuhusu kilomita zenyewe, kwenye gari hili haziandikwi mahali pamoja. Fundi mwenye mashine inayozungumza na BMW anaweza kuzisoma kwenye moduli, kompyuta ndogo za gari, zaidi ya moja akalinganisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini godoro unaweza kuliinua.

Nikusimulie langu kwa kifupi. Niliwahi kununua sedani ya kifahari iliyotumika, jina lake naliacha, kwa sababu moja ya kipumbavu: viti. Ilikuwa inakaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mwezi wa nne niliamka nikaikuta imelala upande mmoja wa mbele, kama ngamia aliyepiga goti akaghairi. Gharama iliniuma, lakini nilikuwa nimejiandaa nayo nusunusu. Kilichonivunja ni wiki tatu za kungoja spea. Nilikuwa nimeshauza gari langu la zamani ili nitimize bei, kwa hiyo wiki tatu niliomba lifti kwa watu wazima wenzangu. Gari lilipopona nilikuwa nimeshalichukia. Viti vilikuwa vilevile.

Utaona kwa nini sentensi yako ya "nikiuza kigari changu" niliipigia mstari. Ulipouliza kuhusu Jumatatu hadi Ijumaa, pengine ulitaka kujua kama M5 itakufikisha. Mara nyingi itakufikisha. Wapo wanaoziendesha kila siku. Mimi nakuuliza habari ya ile Jumanne ambayo haitakufikisha. Watoto wanafikaje shule Jumanne hiyo? Na Jumatano? Ukiwa na jibu, gari hili linakuwa tatizo la fedha na subira. Usipokuwa nalo, linakuwa tatizo la nyumba nzima.

Tukija kwa watu wako. "Unaolewa nalo" ni neno zuri, lakini halijakamilika, nawe hukumwuliza maana. Je, kaka anaogopa gari, au anaogopa kuwa ndiye atakayelala chini yake kila Jumamosi bila malipo? Ni hofu mbili tofauti na zote ni halali. Mwulize waziwazi: nikilinunua, utalishika? Una mashine ya kulisoma? Nikulipeje? Kama gereji yake haishughuliki na magari ya aina hii, ni heri akwambie leo ukatafute anayeyajua, na yeye abaki kaka.

Mume wako simhukumu, sijamsikia. Nawe umeandika sentensi moja tu juu yake, ila ni sentensi yenye meno. Akiba ni yako, foleni ni yako, watoto unawapeleka wewe. Ingekuwa mimi ningemwuliza jambo dogo la vitendo: siku M5 ikiwa gereji, utanipa gari lako, au utawapeleka watoto wewe? Jibu lake litakuonyesha kama anakuunga mkono au anakutanguliza, na hamtakuwa na haja ya kugombana.

Basi njia ziko ngapi? Ipo ya kulinunua hili na kubaki na kigari, hata kama itabidi ungoje miezi kadhaa uongeze akiba. Jumatatu hadi Alhamisi lita 1.3, Ijumaa V10. Inakuokoa na ile Jumanne, lakini unalipa bima mbili, na gari lenye kompyuta nyingi halipendi kusimama: betri inakufa, tairi zinakaa upande mmoja. Tena mzee huenda asingoje. Ipo ya kutafuta M5 nyingine, ambayo beringi zake zimeshabadilishwa na karatasi zipo. Bei itakuwa juu zaidi na utafutaji unachosha, ila utakuwa unalipia kazi iliyokwisha kufanywa badala ya kazi inayokungoja.

Kama unachokipenda ni V kubwa isiyo na turbo inayopiga kelele, lakini hutaki klachi kwenye foleni, iendeshe Lexus IS F japo mara moja kabla hujaamua. Ni V8 ya lita 5 yenye otomatiki ya kweli ya gia 8, na ina sifa ya uvumilivu. Ina viti vinne tu, nyinyi ni wanne, na haifiki mizunguko 8,000. Sikio lako litaona tofauti, na hilo si dogo kwako. Au E60 hiyohiyo, lakini 530i ya silinda sita. Usukani mtamu, bili za kibinadamu, ingawa nayo ina pampu ya maji ya umeme inayojulikana kuchoka bila kuaga. Hatari yake kubwa ni nyingine: kila ukiiegesha kando ya M5 ya mtu utajua ulikuwa na nafasi ukaiacha. Kuna watu wanaoweza kuishi na majuto ya namna hiyo, na kuna wanaoishia kununua magari mawili.

Na ipo ya kubaki na kigari na kuiacha akiba ilale. Sitaifanya iwe ya mashujaa. Miaka 11 bila kulala njiani ni utajiri, lakini wewe mwenyewe umesema hugeuki kukitazama.

Ukiamua kurudi kwa mzee asubuhi hiyo ya boneti baridi, nenda na kaka yako. Muache yeye aendeshe kwanza. Wewe kaa kiti cha nyuma upande anaokaa mtoto wako wa miaka 6, bila kusema kitu, mpite kwenye njia yenu ya shule saa ya foleni. Mkifika barabara iliyonyooka mbadilishane viti, ndipo ubonyeze kile kitufe. Kisha niandikie mlichosikia, wote wawili.

Wako,
Mshauri